Naomba ushauri: kuandaa chumba cha darasa la kwanza, shule ya kanisa, Dodoma

TumainiNala (mwanzisha uzi)
Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa walimu, mafundi na yeyote aliyewahi kuandaa darasa la watoto wadogo kwa fedha kidogo. Nimekabidhiwa chumba kilicho ubavuni mwa kanisa letu, pembezoni mwa jiji la Dodoma, ili kiwe darasa la kwanza muhula utakapoanza Januari. Kina urefu wa mita sita na upana wa mita tano, kuta zimepigwa lipu, sakafu ni ya saruji, na juu ni bati tupu pasipo dari. Ubao uko ukuta wa magharibi na madirisha yako kushoto kwa watoto, jambo linalomfaa anayeandika kwa mkono wa kulia, lakini siku hizi jua la asubuhi huupiga ubao, nao kwa kuwa umepakwa rangi ya mafuta hung'aa kiasi kwamba mtoto aliyekaa kulia haoni kitu. Watoto ni 22, wengi wao wamemaliza awali hapa hapa kwetu. Je, niwapange kwa safu au kwa makundi? Mchungaji anataka mistari ya Biblia kuta zote nne, je, haitawachanganya? Nimebakiwa na laki tatu tu.

SeremalaKizota
Mwalimu, kabla ya safu na makundi, tuambie madawati ni ya kimo gani. Mafundi wengi hutengeneza dawati moja la watoto watatu kwa kipimo cha darasa la sita, kisha wakaliuza kwa shule yoyote. Mtoto wa miaka sita anahitaji kiti cha sentimita 30 hivi na meza ya sentimita 53 hivi, ili nyayo zikanyage sakafu na viwiko vitulie juu ya meza bila mabega kuinuka. Ukiona miguu inaning'inia, ujue baada ya nusu saa atapiga magoti juu ya kiti, nawe utamwadhibu bure.

TumainiNala
Ahsante, fundi. Madawati nimekwisha kuyaagiza na malipo ya kwanza nimetoa. Ni yale ya watoto watatu. Nadhani yatafaa, kwa sababu watoto watakua.

Bibi Mwalimu
Mbukwenyi, wanangu. Nimestaafu baada ya kufundisha darasa la kwanza na la pili katika vijiji vya Chamwino na Bahi, na ninaloweza kusema ni kwamba chumba cha watoto wadogo hupangwa kuanzia sakafuni kwenda juu, wala si kuanzia darini kwenda chini. Nunua mkeka mmoja mkubwa, uuweke mbele ya ubao, hapo ndipo watasikilizia hadithi na kuhesabu. Vizibo vya soda, kokoto zilizooshwa na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa raba vinatosha kwa hesabu za muhula mzima. Mabango usiyanunue, chukua mifuko ya salfeti, ifumue, ioshe, andika kwa kalamu ya wino mzito, kisha itundike kwenye kamba ili uweze kuyabadilisha. Bango likikaa ukutani tangu Januari hadi Juni, watoto huacha kuliona.

Kuhusu mistari, mwambie Mchungaji kwamba mtoto asiyejua kusoma haoni mstari, anaona mapambo. Mimi nilikuwa naanza na Yohana 11:35, «Yesu akalia machozi», kwa kuwa silabi zake zote ni nyepesi: ye-su, a-ka-li-a, ma-cho-zi. Zaburi ya 23 ni nzuri moyoni, lakini «mchungaji» na «nitakaa» havilingani kwa ugumu, na mtoto ikiwa bado ni Februari ataishia kukariri huku akidhani anasoma. Mchungaji mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba mstari wangu unahuzunisha. Nikamwita aje awasikie watoto wakiusoma wenyewe, kila mmoja akiweka kidole chini ya silabi, naye hakulalamika tena. Andika kwa kimo cha macho yao, yaani mita moja hivi kutoka sakafuni.

Baba wa Wanne
Samahani kwa kutoka nje kidogo. Mimi ninalipa ada ya shule ya kanisa kwa watoto wawili, na kila mwaka naambiwa kuna mchango wa madawati. Walimu wanaoanzisha madarasa wafikirie kwanza mzazi atalipaje, ndipo wafikirie rangi za kuta. Tuliosoma chini ya mti tulijua kusoma.

Bibi Mwalimu
Baba, mimi nimefundisha chini ya mti. Mvua ikinyesha tulikuwa tukiahirisha masomo, na upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeperusha madaftari hadi barabarani. Usitamani kurudi huko kwa niaba ya wanao.

Mpiga Zumari
Bati tupu pasipo dari? Basi Januari mvua kubwa ikianza, Mwalimu, ratiba yako andika hivi: kipindi cha kwanza Kuhesabu, kipindi cha pili Kusoma, kipindi cha tatu kutazamana.

Mwanasheria wa Makole
Nimeusoma uzi wote, na kuna jambo sijaliona. Mwalimu umesema chumba umekabidhiwa, watoto wamemaliza awali «hapa hapa kwetu», na inaelekea hamjawahi kuwa na darasa la kwanza kabla ya hili. Hukumtaja mwalimu mkuu wala madarasa mengine. Naomba kuuliza kwa heshima: shule hiyo imesajiliwa kwa elimu ya msingi?

TumainiNala
Shule imesajiliwa, ndiyo. Naomba turudi kwenye suala la ubao.

Mwanasheria wa Makole
Imesajiliwa kwa awali peke yake, au kwa awali na msingi?

TumainiNala
Kwa awali. Maombi ya msingi yapo njiani, na Mchungaji ameelekeza tuanze wakati yakishughulikiwa, kwa kuwa wazazi 17 wamekwisha kulipa robo ya ada. Kabla hamjanihukumu, naomba mnielewe. Kati ya nyumba zao na shule ya serikali iliyo karibu kuna korongo, na mvua za Januari hadi Machi zikinyesha juu, korongo hilo hujaa hata kama kwetu kuna jua. Mtoto wa miaka sita hawezi kuvuka. Sikuanzisha jambo hili kwa tamaa. Tukiahirisha mwaka mmoja, hao watoto watatawanyika na darasa halitaanza kamwe.

Mwanasheria wa Makole
Nakuelewa, Mwalimu, na korongo nalijua. Hata hivyo Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inataka shule isajiliwe na Kamishna wa Elimu kabla ya kuendeshwa, na usajili wa awali haukupi ruhusa ya kufundisha darasa la kwanza. Hilo ni juu ya kanisa. Linalowahusu watoto ni jingine: mwanafunzi wa shule ya msingi huingizwa kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, kupitia shule iliyosajiliwa, akapewa namba, na namba hiyo ndiyo itakayomfuata kwenye uhamisho na kwenye upimaji wa darasa la pili na la nne. Mtoto asiyekuwemo, mzazi wake atakuja kuhangaika kumhamisha wakati wewe huenda hupo tena shuleni hapo. Nendeni kwa Wathibiti Ubora wa Shule wa halmashauri wakakague chumba sasa, kabla hamjapaka chochote.

Mama Nyemo
Kwetu ilitokea. Darasa lilifungwa Mei, mwanangu akarudia mwaka mzima, na ada haikurudi. Chumba kilikuwa kizuri sana, kuta za bluu, herufi zimekatwa kwa karatasi ngumu. Sina la kuongeza.

Kisu Butu
Jamani, mbona hamshtuki? Ubao ukuta wa magharibi, watoto wanatazama magharibi, kushoto kwao ni kusini. Madirisha ya kusini hayaingizi jua, kwa sababu sisi tuko chini ya ikweta na jua hupita kaskazini. Huyu hajawahi kukiona chumba anachokisimulia. Ama ni hadithi ya kutunga, ama ni tangazo la fundi wa madawati lililofungwa kwenye machozi ya watoto. Angalieni jinsi SeremalaKizota alivyowahi kujibu.

SeremalaKizota
Nilimwambia madawati yake si mazuri. Tangazo gani la namna hiyo?

Ramani Mkononi
Kisu Butu, ninafundisha jiografia, kwa hiyo niruhusu. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na jua la utosi hufika tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23 na nusu kusini, mnamo tarehe 22 Desemba. Maana yake, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita kusini yetu, na asubuhi huchomoza likiegemea kusini, hivyo hupenya madirisha ya kusini na kuangukia ukuta wa magharibi. Mng'ao nao hurudi kuelekea mashariki na kaskazini, yaani kwa watoto wa upande wa kulia, kama alivyosema. Anayetunga hadithi hangelipatia hilo. Tena, Mwalimu, Juni jua litahamia kaskazini na shida hiyo itakwisha yenyewe, ila upepo wa vumbi wa kusini-mashariki ndio utakaoingia kwa madirisha hayo hayo.

Kisu Butu
Sawa kuhusu jua. Bado nataka picha ya korongo.

TumainiNala
Picha sitaweka, kwa kuwa watoto na wazazi watatambulika. Nimezungumza na Mchungaji jioni hii. Amekubali twende halmashauri Jumatatu na twende na vipimo vya chumba, lakini hajakubali kurudisha ada, na mimi mwenyewe bado naona tunaweza kuwa tayari kwa Januari iwapo watakuja kukagua mapema. Wakati tukisubiri, ubao niufanyeje?

Bibi Mwalimu
Usiufute kwa mafuta ya taa kama wengine watakavyokuambia. Upige msasa mpaka mng'ao uishe, kisha upake rangi maalumu ya ubao, ile isiyong'aa, mara mbili, uuache ukauke kabisa. Kabla ya kuandika mara ya kwanza, laza chaki, isugue ubao mzima, halafu ufute. Usipofanya hivyo maandishi ya kwanza yatabaki kama kivuli. Na ukikataliwa kuanza, mwanangu, chumba hicho hicho mnaweza kukitumia kwa awali mliyo na kibali nayo. Kwa awali mwongozo ni watoto 25 kwa darasa, hivyo hamjazidi.

TumainiNala
Awali tayari wana chumba, Bibi, ila kina giza. Na madawati je? Fundi anasema miguu ameshaiunga.

SeremalaKizota
Miguu ikiwa mirefu hukatwa. Ikiwa mifupi ndiyo taabu. Mwambie asipake vanishi bado, na usimlipe iliyobaki mpaka umkalishe mtoto mmoja wa awali juu yake. Ni ya mninga au ya msindano?

TumainiNala
Msindano.

SeremalaKizota
Basi msumeno wa mkono unatosha.