Tupeane uzoefu: Pupa inayobaki baada ya kuacha mirungi na dawa za kuchangamsha mwili

Mwanzisha mada, Dodoma Mjini

Ndugu zangu, nina umri wa miaka 26 na huu ni mwezi wa 14 tangu niache. Nilianza kutafuna mirungi nikiwa utingo wa malori ya Dodoma na Singida, kwa sababu aliyesinzia njiani hakuitwa tena safari iliyofuata, na baadaye nikaingia kwenye methamfetamini. Sikuja kuzungumzia hamu ya dawa, maana hiyo nilitahadharishwa nayo tangu siku ya kwanza. Nimekuja kuzungumzia pupa, yaani kutenda kabla ya kufikiri, ambayo hakuna aliyenitahadharisha nayo.

Katika mwezi wa tatu, baba mdogo alinikabidhi shilingi 180,000 niwapelekee vibarua wa shamba lake la zabibu kule Hombolo. Ilikuwa asubuhi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeziweka zote kwenye mkeka wa mpira, na zikaliwa. Sikuwa nimetafuna wala kuvuta kitu chochote, na nilijua kabisa kwamba vibarua wale wananisubiri. Ila wazo hilo lilinijia wakati mkono umekwisha kutenda. Nyumbani wakaamini kwamba nimerudia, nami sikuwa na maneno ya kujitetea.

Mshauri wangu ndiye aliyenieleza. Dawa hizi huufanya ubongo umwage dopamini, kemikali inayohusika na raha na msukumo wa kutenda, kwa wingi usio wa kawaida, methamfetamini ikizidi sana kathinoni iliyomo katika mirungi, na kwa kurudiwa mara nyingi mfumo huo hudhoofika pamoja na sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake mojawapo ni kumzuia mtu asitende kabla ya kupima. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa kuliko nyingine, hadi kwenye miaka kama 25. Kwa hiyo kijana aliyeanza akiwa na miaka 18 ameiumiza ingali inajengwa.

Kilichonipa nguvu ni utafiti wa Nora Volkow na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2001. Waliwapiga picha za ubongo watu watano waliokuwa wametumia methamfetamini, wakawapiga tena walipokuwa wamekaa miezi 12 hadi 17 bila dawa, na protini zinazosafirisha dopamini, ambazo mwanzoni zilikuwa zimepungua, zikaonekana zimeongezeka waziwazi. Majaribio ya kumbukumbu na ya wepesi wa viungo hayakupanda kwa kiwango hicho. Watu watano ni wachache, lakini walinitosha kuelewa kwamba nilihukumiwa mapema, na kwamba mimi mwenyewe nilijihukumu mapema zaidi.

Naomba aliyepitia haya, au anayeishi na aliyepitia, atueleze: pupa ilijitokeza wapi, na ilianza kupungua lini?

Dada wa Makole

Pole kaka, na ahsante kwa kulisema. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Baada ya kuacha, aliacha pia kazi tatu ndani ya miezi mitano, kila mara kwa neno moja tu la msimamizi. Baba alisema kwamba ikiwa dawa imekwisha mwilini, basi kilichobaki ni jeuri, na kwa muda mrefu nilikubaliana naye. Ninajuta.

Nilipompeleka kliniki niliuliza kwa nini asipewe methadoni, kwa kuwa nilijua inatolewa Itega. Nikaelezwa kwamba methadoni huwafaa waliotumia heroini na jamii yake, na kwamba kwa dawa za kuchangamsha hakuna dawa mbadala iliyoidhinishwa. Tiba yake ni mazungumzo, na zawadi ndogo inayotolewa papo hapo kila kipimo cha mkojo kinapokuwa safi. Niliona ni aibu kumtuza mtu mzima kwa kutotenda kosa. Mshauri akaniambia kwamba kwa ubongo ule mshahara wa mwisho wa mwezi hauna uzito, na kwamba zawadi ya leo ndiyo inayoweza kushindana na dawa ya leo.

Basi nyumbani tukapanga hivi: kila juma akimaliza salama, ninamkatia tiketi ya mechi ya Dodoma Jiji pale Jamhuri, kama ipo, au ninampikia anachotaka. Fedha taslimu simpi mkononi. Tena tulikubaliana, kwa ridhaa yake, kwamba jambo lolote linalozidi shilingi 10,000 lazima lilale kwanza, yaani liamuliwe kesho yake asubuhi. Miezi ya mwanzo alinigombeza sana. Karibu na mwezi wa tisa alianza kuniambia mwenyewe, "Dada, hili nimelilaza."

Mwanafunzi, UDOM

Kwangu ilijitokeza kwenye mitihani. Nilikuwa nakabidhi karatasi baada ya dakika 20, maswali mengine sijayasoma hadi mwisho. Kulala kwa saa maalumu na kukimbia jioni kuelekea Ng'ong'ona kumenisaidia kuliko nilivyotarajia, ingawa hasira bado inanitangulia.

Mama wa Kondoa

Wanangu, hamjambo. Wangu ana mwezi wa nne, na majirani wanasema nimempeleka Mirembe kwa sababu ni kichaa. Nimesoma maneno yenu nikalia. Juzi aliuza simu yake kwa bei ya kutupa, na nilimtolea maneno mazito. Naomba kumuuliza dada wa Makole: mlianzaje kulizungumza hilo la kulaza jambo bila kijana kuona kwamba anafanywa mtoto?

Dada wa Makole

Shikamoo mama. Tulianza kwa sisi wenyewe. Nilimwambia kwamba hata mimi nitayalaza yangu, naye awe mwamuzi wangu. Mara ya kwanza alinizuia kununua kitenge, nikamtii.

Mwanzisha mada

Mama, shikamoo. Mwezi wa nne kwangu ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, kwa hiyo simu hiyo isikukatishe tamaa. Baba mdogo alinituma tena Hombolo katika mavuno haya. Alinipa nusu ya fedha za vibarua, akaniambia nyingine nitaipata nikirudi na majina ya waliolipwa. Nilirudi saa tano na majina yote.