Naomba ushauri: kuokoa koala usiku na kazi ya mchana vimenishinda

Wakuu, salaam. Naishi Brisbane, Australia, na tangu mwaka jana najitolea kuokoa koala, wale wanyama wa manyoya wanaoishi mitini, ambao hapa jimbo la Queensland wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka tangu 2022. Msimu wa kupandana ukifika madume wanavuka barabara ovyo, simu haitulii. Juzi saa nane usiku nimemfunika mmoja blanketi, makalio yamelowa rangi ya kahawia (ugonjwa wa klamidia huo, ukiuona mara moja huusahau), akanikwaruza mpaka kwenye kiwiko, juu kidogo ya glavu. Asubuhi nikasinzia kazini, bosi ananitazama. Mke wangu anasema niache kabisa. Mimi sitaki. Mliowahi kufanya kazi za namna hii, zamu mnapangaje? Na glavu gani zinahimili zile kucha?