Nimechomoa tyubu na maiki bado inarekodi! Nimepigwa laki sita na nusu

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira.

Jana usiku nimekaa na bisibisi nikafungua maiki niliyouziwa laki sita na nusu kwenye duka moja la Kariakoo (jina naliweka kapuni, bado tunasumbuana). Boksi limeandikwa maiki ya tyubu, yaani yenye ile chupa ndogo ya kioo ya kizamani inayokuza sauti ikipata moto, na ukichungulia kwenye wavu unaiona kabisa, inang'aa rangi ya chungwa, unajiona uko studio ya maana. Nikaichomoa hiyo tyubu. Nikafunga, nikachomeka, nikarekodi. Sauti ile ile! Nikairudisha, nikarekodi tena, nikalinganisha. Hola. Kumbe chini yake kuna kitaa cha LED, ndicho kinachong'aa, na soketi ya tyubu haina hata waya mmoja unaokwenda kwenye bodi. Nimedunduliza miezi minane kununua pambo.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zote zilikuwepo. Maiki ya tyubu huja na boksi lake la umeme unalochomeka ukutani, na waya mnene kutoka kwenye boksi hadi kwenye maiki, mara nyingi wa pini saba. Yangu ilikuja na waya wa kawaida wa maiki, XLR wa pini tatu, basi. Nilipouliza, kijana wa dukani akacheka: "Kaka, hizo za maboksi za kizamani, hii inakula fantomu tu," yaani umeme mdogo unaotoka kwenye saundi kadi na kupita kwenye waya ule ule wa sauti. Na mimi nikacheka naye. Mjinga mkubwa.

Maana hesabu ni ya darasani kabisa. Kioo cha tyubu yangu kimeandikwa 12AX7. Hiyo, kabla haijafanya kazi yoyote, inataka volti 6.3 na miliampia 300 za kupasha moto filamenti yake tu, yaani karibu wati 2. Fantomu ya 48V inakuja kwenye saundi kadi kupitia rezista mbili za kiloomu 6.8. Ukamue unavyokamua, hupati hata robo wati. Sasa moto wa kuwasha 12AX7 utatoka wapi, kwa maombi? Na kabla hamjanirukia: ndiyo, Audio-Technica waliwahi kutoa AT3060, maiki ya tyubu inayotumia fantomu. Ile ilibuniwa hivyo tangu mwanzo. Hii yangu imebuniwa kunipiga mimi.

Dalili nyingine: taa iliwaka papo hapo nilipobonyeza 48V. Tyubu haiwaki hivyo, inataka muda ipate moto ndiyo sauti ije vizuri. Na nikirekodi saa nzima ukiigusa iko baridi kama mtungi wa maji.

Halafu sauti yenyewe. Naishi chumba na sebule Mbagala, paa la bati, nimezungushia magodoro na mablanketi. Msanii akiimba "usisahau" masikio yanawasha, kila "s" na "sh" inakata kama wembe. Mwezi mzima nalaumu chumba, nalaumu wasanii, dogo mmoja nikamwambia akarekebishe meno! (Dogo kama unasoma, nisamehe.) Tatizo ni kapsuli, kile kisahani cha ndani kinachonasa sauti. Maiki nyingi za bei ya chini zinaiga kapsuli ya Neumann U67, maiki ya mwaka 1960. Ile kapsuli ina ukali kwa asili yake, na mafundi wa Neumann wakaweka sakiti ya kuupunguza. Hawa wamenakili kapsuli, sakiti wakaiacha.

Na nyie mnaotushauri humu kila siku "chukua tyubu, sauti inakuwa na joto", mna sehemu yenu kwenye hili. Ilinibidi nipigwe kwanza ndiyo nisome. Rode wana NTK, tyubu ya kweli yenye boksi lake la umeme, na kelele yake ya ndani wameiandika 12 dBA. NT1 yao ya mwaka 2013, isiyo na tyubu, waliiandika 4.5 dBA. Kwa anayerekodi sauti ya chini chumbani, hiyo ya pili ni kimya zaidi na haina boksi la kuungua umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Hilo joto mnaloimba mbona hamkuniambia lina gharama yake?

Leo asubuhi nimerudi dukani. Nimewaonyesha video, tyubu mkononi, maiki inarekodi. Jibu: "Mali ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa kwenye risiti. Na umeshaifungua." Sasa nisipoifungua ningejuaje?

Ombi langu: yeyote mwenye maiki ya "tyubu" isiyo na boksi la umeme, aiwashe dakika kumi kisha aiguse, aje aniambie ni ya moto au baridi. Kwa hii isiyo na boksi mnaweza kufungua. Zenye boksi msiguse ndani, zina volti za hatari na kapasita zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Wekeni na picha. Jumatatu narudi pale Kariakoo, na safari hii nataka niende na wenzangu.