Ndege gani huyu analia kama maji yanatoka kwenye chupa?

Wadau naombeni msaada, kuna ndege kila alfajiri analia du-du-du-du, anaanza juu anashuka harakaharaka kama maji yanamwagika kwenye chupa yenye shingo nyembamba, nimemtafuta juu ya miti weee simuoni

> Huyo tipitipi, wengine wanamwita dudumizi. Usiangalie juu, anapenda vichakani. Mabawa rangi ya kutu, jicho jekundu kabisa

> Tipitipi huyo, na sikiliza vizuri mara nyingi wanaitikiana wawili

> Mrekodi kwa simu ujaribu na Merlin, ile app ya kutambua ndege, ukishapakua ndege wa eneo lako inatambua sauti hata bila bando

> Nimemuona leo!! Katoka kichakani mkia umelowa umande, jicho jekundu lile lile, asanteni sana aisee