Drafti ya NFL: umbo kwanza au kiwango kwanza? Wadau tulinganishe

mpira_wa_yai (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Niwatoe wasiwasi kwanza wale wa kijiweni: drafti ninayoisema hapa si ile ya vizibo vya soda. Ni ile ya Marekani, ambapo kila mwezi wa nne timu 32 za NFL, ligi kuu ya mpira wa yai (futiboli ya Kimarekani), zinachagua vijana kutoka vyuo vikuu, raundi 7, na aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye anayeanza. Kwetu raundi ya kwanza inaanza saa 9 usiku kuamkia Ijumaa. Mimi huwa nakesha, kazini wananijua.

Kilichoniacha na maswali ni cha 2023. Carolina Panthers walikuwa wanatafuta kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Ili wapate kuchagua wa kwanza, waliwapa Chicago Bears mpokeaji wao (mdakaji wa mipira) DJ Moore pamoja na chaguo nne za drafti. Bei ya nyumba hiyo. Mezani wakabaki na watu wawili:

Bryce Young wa Alabama. Mshindi wa Heisman ya 2021, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mtulivu, anasoma mchezo kama mzee wa miaka arobaini. Lakini ana futi 5 na inchi 10, kilo 92 hivi, na hizo kilo ni za siku ya mizani kule Indianapolis, wanakopimwa vijana kabla ya drafti, siku ambayo hakurusha hata mpira mmoja. Watu walisema alikunywa maji mengi asubuhi ile. Mimi sikuwepo.

C.J. Stroud wa Ohio State. Futi 6 na inchi 3, kilo 97, mkono umenyooka.

Wakamchukua mdogo. Msimu ukaisha wameshinda mechi 2, wamefungwa 15. Stroud huko Houston akawa chipukizi bora wa mashambulizi na kuipeleka timu kwenye mtoano. Na lile chaguo la 2024 ambalo Carolina walishaligawa likageuka kuwa la kwanza kabisa, mali ya Bears.

Sasa je, kosa lilikuwa kudharau umbo? Maana 2007 Oakland Raiders walimchagua wa kwanza JaMarcus Russell, futi 6 na inchi 6, kilo 120, jamaa anarusha mpira kama kombora. Kufikia 2010 hakuwa na timu. Ungekuwa wewe bosi wa usajili, ungeanza na kipi?

Kibonge614 (Columbus, Ohio)

Mkuu, mada nzuri, ila swali umeliuliza kama watu wote wanacheza namba moja. Nilicheza laini ya mashambulizi miaka miwili nikiwa sekondari hapa Columbus, ngoja niseme nilichokiona kwa kifua changu.

Kuna namba ambazo umbo ndiyo kazi yenyewe. Chukua wale wawili wa pembeni ya laini wanaomkinga kwotabeki. (Jina lao la Kiingereza ukiliandika kwa tahajia yetu linakuwa kiungo cha kukalia, kwa hiyo nitaendelea kusema "wa pembeni", sitaki kufungiwa.) Hao hawapimwi urefu na uzito tu. Wanapimwa urefu wa mkono, kuanzia begani hadi ncha ya kidole cha kati. Maskauti wanapenda uanzie inchi 33 au 34.

Unaweza kucheka, lakini mimi nilipigika kwa sababu hiyo hiyo. Anayekuja kumvamia kwotabeki wako anakimbia, wewe unarudi kinyumenyume. Atakayeutia mkono kifuani mwa mwenzake kwanza ndiye mwenye usukani. Mikono yangu ni mifupi. Kila mara nilipofikia jezi ya mtu, yeye alishanishika zamani, kwapa zangu ziko wazi, nasukumwa kama toroli. Kocha akanihamishia katikati, ambako mnakutana pua kwa pua na mkono mrefu hauna nafasi ya kunyooka. Maisha yakaanza upya.

NFL wanafanya hivyo hivyo. 2025 Will Campbell wa chuo cha LSU alipimwa Indianapolis, mkono ukaja chini kidogo ya inchi 33. Watu wakabishana wiki nzima kama ahamishiwe ndani. New England wakamchukua wa 4 na kumweka pembeni kushoto. Rashawn Slater naye alipimwa inchi 33 kamili, Chargers wakamchukua wa 13 mwaka 2021, na msimu wake wa kwanza tu akachaguliwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi. Joe Thomas wa Cleveland alikuwa na inchi 32 na nusu. Huyo alicheza snap 10,363 mfululizo (kila mpira unapoanzishwa ni snap moja) bila kutoka uwanjani na leo yumo kwenye Jumba la Heshima.

Kwa hiyo hata kipimo ninachokitetea kina watu waliokivunja. Lakini waangalie miguu yao, ni kama ya wacheza ngoma. Mkono mfupi unafidiwa na mguu mwepesi. Ukikosa vyote viwili, kaa benchi na maji yako.

Mhesabu (Dodoma)

Naomba niingie kwa upande wa bei.

Timu haisemi "mfupi hawezi". Inasema "mfupi simnunui kwa bei ya mrefu". Hayo ni mambo mawili. Russell Wilson alikuwa na kila kitu isipokuwa urefu, hakufika futi 5 na inchi 11. Seattle walimpata raundi ya tatu mwaka 2012, chaguo la 75, na msimu wa pili wakachukua Super Bowl, fainali ya NFL, kwa 43-8 dhidi ya Denver. Drew Brees, futi 6, alishuka hadi raundi ya pili mwaka 2001. Sam Mills, linibeka (mlinzi wa mstari wa pili) wa futi 5 na inchi 9, hakuchaguliwa na mtu yeyote, na 2022 akaingia Jumba la Heshima.

Kwangu umbo ni punguzo la bei. Carolina hawakukosea kumpenda Young. Walikosea kumlipia mtu mwenye dosari inayoonekana kwa macho kana kwamba hana dosari. Seattle walilipa chaguo la 75. Wangekosea, nani leo angekumbuka?

Ila tusidanganyike na hii orodha niliyoitoa. Tunawataja Brees na Wilson kwa sababu walifika. Makwotabeki wafupi wa vyuoni ambao hawakupigiwa hata simu hatuwajui majina. Mfupi akifika NFL ujue alishachujwa mara tano zaidi ya mrefu, kwa hiyo aliyebaki lazima awe hatari. Ukimlinganisha na mrefu wa kawaida utasema ufupi hauna tatizo, kumbe unatazama chujio.

mtoto_wa_Nyali (Mombasa)

Yakhe Mhesabu, umesema vizuri lakini umesahau upande wa pili wa duka: bidhaa adimu. George Young, aliyekuwa meneja wa New York Giants, alikuwa na nadharia yake kwamba Mungu ameumba wanaume wachache tu duniani wenye ukubwa ule na bado wepesi. Ukimwona mmoja, mchukue, maana kesho humpati. Wafupi wenye kasi wapo kila mtaa. Mtu wa kilo 155 anayekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78, kama Jordan Davis wa Georgia mwaka 2022, utamtoa wapi? Eagles wakamchukua wa 13.

Na hao hao Eagles 2018 walimchagua Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga, futi 6 na inchi 8, zaidi ya kilo 150. Hakuwa amecheza mechi hata moja ya mpira wa yai maishani mwake! Raundi ya saba, chaguo la 233. Walimnunua mwili, wakampa mwalimu, wakangoja. Sasa ndiye wa pembeni kushoto na ana pete ya Super Bowl. Mbinu zinafundishika. Urefu humfundishi mtu.

Mhesabu

Mtoto wa Nyali, Mailata ni mfano wangu, si wako. Chaguo la 233! Wangemchukua wa 13 tungeongea mengine.

Halafu nyinyi Wakenya mna Daniel Adongo. Mchezaji wa raga kutoka Nairobi, futi 6 na inchi 5, Colts wakamsajili 2013 bila drafti, naye hakuwa amewahi kuucheza mchezo huu. Akawa Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani NFL. Mwili ulimfungulia mlango, lakini 2015 wakaachana naye.

mtoto_wa_Nyali

Adongo tulimshangilia mtaa mzima, usimguse. Na alifika. Mfupi asiyejua mchezo angefika?

Mhesabu

Hapo nimekwama. Endelea.

Dada_Nakasero (Kampala)

Wapendwa, mmeruka Uganda kama kawaida yenu. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wetu wa kwanza. Giants walimchagua 2006 raundi ya kwanza, wa 32. Yeye amezaliwa huko huko Indianapolis, mji wanakopimia hao watoto.

Namtaja kwa sababu moja ambayo bado hamjaigusa. Kiwanuka alikuwa na futi 6 na inchi 5, alichaguliwa kuvamia kutoka pembeni. Mwaka uliofuata wakamsogeza nyuma acheze linibeka, kisha baadaye wakamrudisha mbele. Mwili wa namna ile unampa kocha ruhusa ya kubadilisha mawazo. Mchezaji mdogo ukishakosea namba yake, huna pa kumhamishia. Ninapowaza umbo, nawaza hiyo nafasi ya pili.

Kibonge614

Dada umeongea. Hata mimi nilihamishwa kwa sababu ya hilo, ingawa kwa upande wa aibu.

Lakini naomba niwatetee wafupi wa mbele kidogo. Kule katikati ya laini ya ulinzi, ufupi ni silaha. Aaron Donald aliingia 2014 watu wakinung'unika: futi 6 na inchi 1, kilo 129, mdogo kwa mtu wa katikati. Rams wakamchukua wa 13. Akawa mchezaji bora wa ulinzi mara tatu. Mtu mrefu akiinuka kutoka kwenye mkao, kifua chake kinafunguka. Donald alikuwa tayari yuko chini pale, hahitaji kuinama. Anaingia chini ya makwapa, anakunyanyua, wewe kilo 145 unaelea. Ukimwuliza fundi anayebeba mifuko ya simenti atakuambia: anayeanzia chini ndiye anayeinua.

Kwa kwotabeki hakuna faida ya namna hiyo. Mbele yake kuna ukuta wa watu wa futi 6 na inchi 5. Young na Kyler Murray (Arizona, wa kwanza 2019, kimo kile kile) lazima watafute upenyo kati ya mabega au watoke pembeni. Brees aliishi kwa kurudi nyuma hatua kamili na kurushia kwenye mwanya, tena alikuwa na laini imara katikati. Kwa hiyo ukimchukua mfupi, umekubali pia kununua walinzi wawili wazuri wa katikati. Hilo deni Carolina hawakulilipa mwaka wa kwanza. Mtoto alikuwa anapigwa kama ngoma.

mpira_wa_yai

Kibonge hapo umenifungua. Kwa hiyo bei ya mfupi si ile ya siku ya drafti tu.

Na wembamba je? DeVonta Smith alipimwa 2021 pauni 166, yaani kilo 75. Mimi nina kilo 81 na nauza vipuri! Kashinda Heisman, Eagles wakamchukua wa 10, na Februari 2025 kwenye fainali dhidi ya Chiefs akadaka mpira wa yadi 46 hadi ndani. Watu walisema atavunjika.

Kibonge614

Mpokeaji mwembamba anaumizwa sehemu moja, pale mwanzo kabla hajaanza kukimbia, beki anapomsukuma kifuani. Smith hashikiki. Mabega yanacheza, beki anakamata hewa. Lakini mwembamba asiye na hiyo ngoma ya mabega namkataa hata kama ana kasi ya swala.

Na vipimo vya viganja nadhani ni mchezo wa kuigiza. Joe Burrow alipimwa inchi 9 mwaka 2020, mwenyewe akatania kwamba anafikiria kustaafu. Bengals wakamchukua wa kwanza, basi.

Dada_Nakasero

Mpira wa yai, kwa hiyo jibu lako wewe ni lipi? Umeuliza ukakimbia.

mpira_wa_yai

Sijakimbia dada, nilikuwa nafunga duka. Mimi sasa: laini ya pembeni umbo kwanza, katikati sijali, mpokeaji niangalie mabega. Kwotabeki mfupi nitamchukua, lakini raundi ya pili au ya tatu, na baada ya kuwa na laini. Chaguo la kwanza na wapokeaji wangu juu yake? Hapana. Ingawa nakiri, mwishoni mwa 2024 Young aliporudishwa kutoka benchi alicheza vizuri mpaka nikaanza kusita.

mtoto_wa_Nyali

Subirini mpira_wa_yai asite mara ya pili.

Kibonge614

Wakuu, kabla hamjalala, nina swali la nyumbani. Mpwa wangu ana miaka 15, juzi nimempima mkono kwa futikamba ya fundi cherehani. Inchi 32 na bado anakua. Mama yake anataka acheze soka.

Mhesabu

Kwa sasa anacheza namba gani?

Kibonge614

Ya pembeni. Ile ambayo siandiki.