Ushauri: Mnajimu kasema nisifunge makubaliano yoyote mpaka sayari ya Zohali inyooke. Nimebakiwa na siku sita

Mtoto wa Kitulo (mleta mada), Jumapili 20 Julai 2025
Wakubwa shikamooni, wa rika langu poleni na baridi.

Mimi ni kijana wa miaka 33, nipo Uyole, nanunua viazi Isyonje na kupeleka Dar. Jumamosi hii tarehe 26 natakiwa nifunge makubaliano fulani makubwa. Yana pande mbili, yana hela na yana maandishi. Kila kitu kipo tayari.

Sasa wiki mbili zilizopita nilipita kwa mnajimu. Siyo mganga, msichanganye, huyu anatumia kompyuta na chati anakuonyesha. Kasema mambo mawili. La kwanza, sayari ya Utaridi inarudi nyuma kuanzia tarehe 18 mwezi huu hadi Agosti 11, na Utaridi ndiyo yenye maneno, barua, safari na mikataba. La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Zohali imerudi palepale ilipokuwa siku niliyozaliwa, na tangu tarehe 13 nayo inakwenda kinyumenyume, itanyooka mwishoni mwa Novemba. Nikifunga kitu kabla ya hapo nitakibeba kama lumbesa kwa miaka 29 ijayo.

Swali langu ni moja tu kwa wanaojua nyota: nisubiri Novemba?

Fundi Kabwe
Kumbe hata sayari zinajaza lumbesa. Gunia Isyonje linakwendaje leo mkuu?

Mtoto wa Kitulo
Fundi, tuongee mada. (Njoo inbox.)

Mshale wa Forest
Naomba niseme kama mtu ninayesoma haya mambo mwaka wa tisa sasa. Mnajimu wako hajakudanganya tarehe, ila amekutisha bure. Utaridi hurudi nyuma mara tatu au nne kila mwaka, wiki tatu hivi kila mara. Ingekuwa watu hawasaini kitu muda wote huo, benki zote zingefungwa. Tunachosema ni kwamba kipindi hicho ni cha kurudia na kukagua. Soma karatasi mara mbili, piga simu kuhakikisha, usitume hela kwa namba usiyoijua.

Zohali ni habari nyingine. Inazunguka kwa miaka 29 na nusu hivi, kwa hiyo inakurudia ukiwa na miaka 28 mpaka 30. Ni mwalimu wa fimbo huyo. Anakuja kukagua daftari: kazi gani unafanya, unaishi na nani, deni gani umelikimbia. Hakwambii ukimbie, anakwambia ukue.

Halafu tazama pande nzuri. Sayari ya Mshtarii imeingia nyota ya Kaa tarehe 9 Juni, nyumba na familia zinabarikiwa. Na kidunia kuna kubwa, Uranusi imegusa Mapacha tarehe 7 Julai. Inazunguka kwa miaka 84. Marekani walivyopigania uhuru 1776 ilikuwa humo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe 1861, ilikuwa humo. Vita ya pili ya dunia imepamba moto, ilikuwa humo. Wenye macho na watazame.

Ticha wa Jiografia
Mshale, ya 1914 umeiruka. Uranusi ilikuwa Ndoo hiyo. Maji Maji 1905 ilikuwa Mbuzi. Ukichagua vita vitatu na kuacha vingine vyote, hata ratiba ya treni ya TAZARA inaweza kutabiri vita. Mkwawa pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 alitazama njia watakayopita Wajerumani, hakutazama Uranusi.

Mleta mada, hakuna sayari inayorudi nyuma. Umeshapanda Kitonga na basi? Basi likilipita lori la mizigo, ukichungulia dirishani unaona lori kama linarudi Ruaha Mbuyuni. Halirudi. Linapanda taratibu kama lilivyokuwa, wewe ndiye umelipita. Dunia inaipita Zohali kila mwaka, na kila mwaka Zohali "inarudi nyuma" miezi minne na nusu hivi. Watu wameoa, wamejenga na wamefungua maduka humo humo.

Tarehe 5 Februari 1962 wanajimu wa India walisema dunia inakwisha kwa sababu sayari zilikusanyika upande mmoja wa anga. Watu wakakesha wakiomba. Kesho yake wakapika chai.

Mzee wa Rujewa
Mmenikumbusha tarehe 1 Septemba 2016, jua lilivyopatwa hapa kwetu Rujewa. Wageni walijaa mpaka vyumba vya kulala vikaisha, wazungu wana mashine kubwa kama bomba la maji, watoto wa shule na vile vioo vyeusi. Jua likawa pete. Kaubaridi kakapita, kuku wa jirani wakaanza kujipanga kulala. Mama mmoja akasema mwaka huu hakuna mpunga. Mimi siku ileile jioni nikanunua pikipiki, watu wakanisema sana. Ile pikipiki imenisomeshea watoto wawili. Ikaja kuibiwa 2019, siku ya kawaida kabisa, jua likiwa zima.

Mtoto wa Kitulo
Nashukuru wote. Mzee, pikipiki siyo sawa na jambo langu. Ticha, ya Kitonga nimeielewa, ila huyu mtu aliniambia vitu ambavyo hakuna anayevijua. Kwamba nilipoteza mtaji 2023. Kwamba kuna mwanamke mweupe ananiwazia.

Fundi Kabwe
Mfanyabiashara wa viazi aliyepoteza mtaji. Huyo mnajimu ni hatari.

Mama Tukuyu
Mwanangu, mimi nyota siijui zaidi ya Kilimia. Bibi zetu walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ukajua uandae jembe. Nyota ya kwetu ilikuwa inakupeleka shambani, ya kwenu inawakalisha kitandani.

Lakini hebu nikuulize. Jambo la pande mbili, lina hela, lina barua, linafanyika Jumamosi. Wewe si unakwenda kutoa mahari?

Mtoto wa Kitulo
Mama shikamoo. Ni mambo ya kifamilia kidogo.

Mama Tukuyu
Marahaba. Kifamilia kidogo ndiyo mahari hiyo. Ukweni ni wapi?

Mtoto wa Kitulo
Hukohuko kwenu, Rungwe. Lakini mama sitaki uzi utoke kwenye nyota. Mimi naoa, sijakataa kuoa. Nauliza muda tu.

Bachela Sugu
KATAA NDOA. Zohali imetumwa na Mungu ikuokoe ndugu yangu, na bado unaomba ushauri. Kunja hela yako, nunua Fuso.

Mama Tukuyu
Bachela, kaa pembeni, watu wazima wanaongea. Mtoto wa Kitulo, Utaridi umesema inakwisha Agosti 11. Angekuwa anataka muda tu, mtu angesogeza wiki mbili. Wewe unauliza Novemba. Kuna nini kati ya sasa na Novemba?

(Masaa manne, kimya.)

Fundi Kabwe
Jamaa yupo mtandaoni, namuona. Anasoma.

Mtoto wa Kitulo
Sawa. Ana mimba ya miezi sita.

Kabla hamjaanza: sijakimbia. Natuma matumizi kila wiki, kliniki nimempeleka mwenyewe. Nimesema tu ndoa ifungwe kwenye msingi mzuri. Mtoto akizaliwa kabla ya mahari siyo mwisho wa dunia, mbona wapo wengi. Mnajimu alisema hata mtoto atakuwa na bahati zaidi nisipolazimisha.

Mama Tukuyu
Oktoba hiyo anajifungua. Nilijua.

Mkokoteni wa Mafiati
Wanaume wa siku hizi mnatia aibu. Baba yangu alitembea kwa miguu kutoka Chunya na mbuzi watatu, hakumuuliza mtu Zohali iko wapi. Ingawa na yeye, nikisema ukweli, alioa wanne. Labda angeuliza kidogo.

Mshale wa Forest
Kwa Zohali ninayoijua mimi, kumkimbia mama wa mtoto wako ndilo jambo litakalokupiga fimbo. Huyo mnajimu ameisoma kichwa chini miguu juu. Halafu msidharau fani nzima kwa ajili ya mmoja. Rais Reagan wa Marekani alivyopigwa risasi 1981, mkewe alimtafuta mnajimu Joan Quigley wa San Francisco, akawa anampangia rais siku za safari na mikutano. Dunia ikaja kujua 1988. Na hapa kwetu nani hakusoma utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein kwenye gazeti? Mlikuwa mnaanzia ukurasa huo, msijifanye.

Ticha wa Jiografia
Mimi nilikuwa naanzia michezo.

Mtoto wa Kitulo
Niseme yote basi, maana nimechoka. Kuahirisha nimeshaahirisha. Juzi nilimwomba mjomba awapigie ukweni. Hatukuwaambia habari ya nyota, wangetuona watu wa ajabu. Tuliwaambia tuna msiba Makete, kwa hiyo Jumamosi haiwezekani. Lengo lilikuwa kununua muda kwa amani. Sasa nilikuja hapa nithibitishiwe tu kwamba sijakosea.

Fundi Kabwe
Mmemuua nani?

Mtoto wa Kitulo
Mjomba alisema ni mama mkubwa. Hana jina.

Mama Tukuyu
Umewaambia WANYAKYUSA kwamba una MSIBA. Ili wasije. Mwanangu, sisi ukitaka tusije utuambie una harusi.

Kikombe cha Bati
Wakuu samahani, nimesoma uzi wote na kalamu mkononi. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, na imekolea majani ya Rungwe kabisa. Ushahidi: mleta mada kaandika ana miaka 33. Mshale kasema Zohali inarudi mtu akiwa na 28 mpaka 30. Sasa ya huyu imerudije leo? Au alizaliwa mara mbili?

Mshale wa Forest
Ngoja… ni kweli. Imenipita vipi hii. Mwenye miaka 33 kazaliwa 1992, Zohali ilikuwa Ndoo. Ilirudi Ndoo na kumpita mwaka 2022. Leo Zohali ipo mwanzoni kabisa mwa Kondoo, na hata kwa hesabu za Kihindi ipo Samaki. Anayerudiwa na Zohali Julai hii kwa chati za kompyuta ni aliyezaliwa mwezi wa nne 1996. Mleta mada, hiyo chati siyo yako.

Bachela Sugu
Chai. Nilijua. Hakuna mwanaume anayelipa mahari mwaka huu.

Mkokoteni wa Mafiati
Na mimi nimeshamtaja baba yangu humu. Modi futa.

Kikombe cha Bati
Mwezi wa pili kulikuwa na uzi wa jamaa wa Njombe aliyekatazwa na nyota kuuza parachichi. Mwandiko uleule, "nimekosa usingizi" ileile. Watu wanatafuta wafuasi.

Mzee wa Rujewa
Pikipiki yangu ni ya kweli lakini.

Mtoto wa Kitulo
Mimi siyo wa parachichi. Nisikilizeni, halafu mnitukane vizuri.

Nilimaliza la saba 2006 kule Makete, sikuchaguliwa. Nikakaa nyumbani. 2008 mjomba akanichukua Chimala, nikaingizwa la sita kwa jina la mtoto aliyehamia Sumbawanga na wazazi wake. Wa huku mnajua, ilikuwa kawaida. Vyeti vyangu vyote, kitambulisho, laini ya simu, akaunti, vyote ni jina la yule mtoto na tarehe yake: 25 Aprili 1996. Mimi nilizaliwa 1992, wiki ya Pasaka, saa mama hakumbuki. Kwa mnajimu nilitoa kitambulisho. Ndivyo nilivyozoea, nikiulizwa tarehe natoa ile. 33 nimeiandika hapa kwa sababu nilikuwa naongea na nyinyi kama mimi mwenyewe.

Ticha wa Jiografia
Kwa hiyo hiyo fimbo ya Zohali ni ya mtu wa Sumbawanga.

Mshale wa Forest
Alipiga hesabu za jina pia? Ile ya abjadi, unageuza herufi za jina lako na la mama kuwa namba, unagawa kwa kumi na mbili?

Mtoto wa Kitulo
Ndiyo. Jina la kitambulisho, na mama nilimtaja mama yangu wa kweli.

Mshale wa Forest
Basi amemsomea mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Fundi Kabwe
Mimi nawaza yule wa Sumbawanga. Yupo sehemu anatoa mahari Jumamosi hii kwa raha zake, na Zohali imemkalia kichwani, hakuna wa kumwambia.

Kikombe cha Bati
Bado sijaamini. Ila sasa ni chai yenye maziwa.

Mama Tukuyu
Iwe chai, iwe uji, mimi nimejibu kana kwamba kuna binti. Ulimlipa kiasi gani huyo mnajimu?

Mtoto wa Kitulo
80,000 ya chati. Na 150,000 ya kutuliza Zohali, hiyo nimelipa nusu.

Bachela Sugu
Mwana, hiyo ni mbuzi wawili wa ukweni na chenji.

Mtoto wa Kitulo, Jumatatu asubuhi
Wakuu, kuna jambo limezuka. Baba mkwe amempigia mjomba alfajiri. Wamekodi Coaster, watu ishirini na kitu, wamebeba ndizi na sukari, wapo njiani kuja kwenye msiba. Wameshapita Isyonje wanashika njia ya Kitulo. Anauliza wateremkie kijiji gani.

Mama Tukuyu
Nilikwambia.

Fundi Kabwe
Uzi umepata usafiri. Nipo pale nimekaa na blanketi.

Mshale wa Forest
Si wamebeba na watu wazima wote? Basi mahari ipokelewe hapohapo barabarani. Shuka nayo Makete, waambie ukweli kabla ndizi hazijashushwa.

Ticha wa Jiografia
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mnajimu.

Mtoto wa Kitulo
Nipo stendi Nane Nane natafuta gari la kuwafuata. Mjomba kazima simu. Mshale, nikuulize haraka kabla mtandao haujapotea kule juu: nikimpelekea yule jamaa tarehe yangu ya kweli, ile nusu niliyolipa inahesabika, au naanza upya?