Vichangamsho darasani chuo, vinasaidia au tunapotezeana muda?

Wadau, kila semista ikianza hii mada ya vichangamsho, yaani vile vishughuli vifupi vya kufanya watu wafahamiane na waanze kuongea, inarudi. Kuna wanaosema lekchara akiingia siku ya kwanza na kusema "kila mtu ajitambulishe na ataje kitu anachopenda" huo ni utoto, watu wazima wamekuja kusoma. Wengine wanataka kila kipindi kianze hivyo. Mi niko upande wa kuvitumia, ila huo utambulisho wa kuzunguka darasa zima uachwe kabisa.

Mko watu hamsini, we ni wa ishirini, utamsikiliza nani pale? Kichwani unapanga sentensi yako tu, viganja vinatoka jasho, jirani anataja jina lake wala hujalisikia, ukishamaliza kuongea ndo unashusha pumzi. Mwanasaikolojia Malcolm Brenner aliliandika hili 1973, kwamba watu hawakumbuki vizuri yale yaliyosemwa muda mfupi kabla ya zamu yao. Kwa hiyo nusu saa imeisha na aliyekaa pembeni yako bado humjui jina!

Sasa ukisema basi vifutwe vyote, tunarudi kwenye lile darasa la "kuna swali?" halafu kimya, watu wanaangalia meza, wale wawili watatu wa mbele wanajibu semista nzima. Na wengi waliokaa kimya jibu wanalo, wanaogopa tu kuchekwa na watu wasiowajua. Ndo maana mi napenda ile staili ya mwalimu Frank Lyman wa Marekani, ya tangu 1981: unafikiria mwenyewe, mnajadiliana wawili, halafu ndo mnaleta kwa darasa. Dakika chache tu, na hata ukumbi ukijaa inawezekana maana hakuna anayehama kiti.

Ila swali litoke kwenye kozi yenyewe. Mfano darasa la takwimu, waambie wawili wawili wakadirie inatakiwa wawepo watu wangapi ili uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe na mwezi uleule uvuke nusu. Mmoja atasema mia na themanini, mwenzie atabisha, kumbe ni 23 tu, na hapo lazima waanze kuulizana tarehe zao kuhakikisha. Wamefahamiana na somo limeshaanza, huyo wa "tumekuja kusoma" atalalamikia nini tena?

Yale ya "tuambie siri ambayo hakuna anayeijua" hapana jamani, mtu ana mambo yake ya nyumbani, mwingine ana kigugumizi, aachwe apite zamu bila kuulizwa kwa nini.

Ninapokwama ni kwenye maksi. Kuna malekchara wanatoa maksi za kushiriki, wanadai bila hivyo watu hawafanyi, mi naona ukishaweka maksi mtu anaongea na lekchara siyo na mwenzie. Nyie mliofundisha au mliosoma kwa mtindo huo mnasemaje, ziwepo au zitolewe?